Fundi wa sigara za umeme anayetotolesha vifaranga Mgeta

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Mafiga, mjini Morogoro. Shamimu Hamza ameshaanza kugombana na mteja, na kibanda chenyewe hata hajamaliza kukifungua.

"Humu umeweka koili ya ngapi?" anauliza bila kuinua macho kutoka kwenye kifaa cheusi kilichomo kiganjani mwake.

"Ile ya moshi mwingi, sista."

"Nimekuuliza ya ngapi. Sijakuuliza ya nini."

Oscar, muuza mitumba mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, anacheka kwa aibu. Hajui ni ya ngapi. Anachojua ni kwamba vepu yake, yaani sigara ya umeme, anaichaji usiku kucha na saa sita mchana inazima. Tena siku hizi kila akivuta anasikia ladha ya kitu kinachoungua.

Shamimu anaichomoa koili, ule waya mwembamba uliosokotwa kama springi ndani ya kifaa, na kuigusisha ncha mbili za mita yake. Namba inatokea. Anatikisa kichwa kama mama aliyekuta sukari imemwagwa.

"Omu sifuri nukta mbili! Oscar, omu ndiyo kizuizi cha waya. Zikiwa kubwa, umeme unapita kwa kusugua. Zikiwa ndogo hivi, unapita kama mlango uko wazi, unakuja mwingi, wati zinapanda, na moshi unajaa mtaa mzima. Lakini betri ni ile ile. Wewe unataka kuendesha Fuso kwa tangi la bodaboda."

"Kwa hiyo betri mbovu?"

"Betri nzima. Tamaa ndiyo mbovu."

Kinyozi wa kibanda cha jirani anaangua kicheko. Shamimu anaweka koili nyingine, yenye omu moja nukta mbili, na kuteremsha wati hadi kumi na mbili. Anamrudishia Oscar kifaa chake kwa maneno ambayo majirani zake wanayajua kwa moyo: moshi utapungua, ladha itarudi, chaji itafika jioni. Kisha anaongeza la bure, kwamba angeacha kabisa angefika mbali zaidi.

Yeye mwenyewe havuti. "Kifua changu nakihitaji," anasema. "Mimi napanda milima."

Hatanii. Kabla Oscar hajaondoka, simu ya Shamimu inaita, na kwenye kioo limetokea jina la Mama Filomena, mkulima wa mboga huko juu Mgeta, kwenye milima ya Uluguru.

"Shikamoo mama." Anasikiliza. Ghafla anasimama. "Yanalia? Mangapi? Haya, na taa ya kwenye betri ina rangi gani?"

Jibu linamfanya aweke bisibisi chini.

"Msifungue mfuniko, mama. Hata kwa kuchungulia. Nakuja."

Mayai yameanza kulia, na taa ni nyekundu: betri inakwisha.

Hiyo ndiyo kazi ya pili ya Shamimu, ile ambayo mezani kwake haionekani. Fundi huyu mwenye umri wa miaka thelathini na tatu ametengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga inayopashwa joto na waya wa jiko la umeme na kuendeshwa kwa betri ya sola. Mashine iko nyumbani kwa Filomena, katika kitongoji cha mlimani ambacho nguzo za umeme bado hazijakifikia. Ndani yake mna mayai mia moja ya kuku wa kienyeji, yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba na kikundi cha akina mama.

Mizao miwili ya kwanza ilikufa. Huu ni wa tatu, na kikundi kimeshakubaliana kwamba ukifa na huu, basi.

"Walinitamkia wazi," anasimulia Shamimu akiwa ndani ya lori la mboga linalopanda tupu kwenda kupakia kabichi, mfuko wa vifaa magotini. "Mama Filomena alisema, 'Vikifa na hivi, Mnyamwezi, utalibeba sanduku lako kichwani mpaka Mafiga.' Alikuwa anacheka. Lakini hakuwa anatania sana."

Maneno hayo yanahitaji kuelezwa kidogo kwa wasiojua. Baba yake Shamimu, mzee Hamza, ni Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja mkoani Morogoro ujanani kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa. Wanyamwezi na Waluguru, wenyeji wa Mgeta, ni watani wa tangu enzi, na kwa mtani hakuna tusi. Kwa hiyo kila Shamimu akifika Mgeta anaitwa mpagazi, kwa kukumbushwa babu zake waliobeba mizigo ya misafara hadi pwani. Naye halipi kwa mkopo.

"Nawaambia, nyie mliiona tambarare yote ile yenye rutuba, mkaipita, mkaja kujificha kwenye mawe. Mlikuwa mnamkwepa nani?"

Ufundi aliupata kwa baba. Mzee Hamza alikuwa akisuka mota kwenye karakana ya kiwanda cha sukari, na binti yake, badala ya kucheza rede na wenzake, alikaa kando ya benchi akimshikia waya wa shaba. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo hadi leo analirudia kila mara: waya hausemi uongo. Urefu wake na unene wake ndio utakaoamua moto wake.

Alipohamia mjini alianza na pasi na majiko ya umeme, akaingia kwenye simu, na miaka ya karibuni vijana wakaanza kumletea vepu zao. Siku nzuri anaingiza shilingi elfu ishirini. Siku mbaya anapata ya mboga na nauli. Vepu zinamlipa kuliko vyote, na hapo ndipo roho yake haitulii.

"Siwezi kusema nimefika," anasema lori likiiacha lami na kuanza kuzikwea kona za mlima. "Kazi yangu kubwa ni kumsaidia kijana atoe moshi. Mama Filomena alinipa kazi ya kutoa kitu chenye uhai. Wakiikataa mashine hii, hakuna kijiji kingine kitakachonisikiliza, nami nitatengeneza moshi maisha yangu yote."

Filomena alimpata kwa bahati. Alishuka Mafiga kumwona binti yake aliyeolewa huko, akaongozana naye kwa fundi kupeleka jiko la umeme lililokatika waya. Akasimama akitazama waya ule ukianza kuwa mwekundu taratibu. Kisha akauliza swali ambalo fundi hajawahi kuulizwa na mtu mwingine.

"Huo waya unaweza kuatamia mayai?"

"Nikajibu ndiyo," Shamimu anasema, akicheka. "Nilisema ndiyo kabla sijajua. Lakini mdomo ukishaahidi, mikono haina budi."

Swali la Filomena lilikuwa na uchungu nyuma yake. Waswahili walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea hunyakuliwa na mwewe. Huko Mgeta waliongezea baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unakaa mlimani tangu asubuhi hadi jioni, makoo wanaatamia mayai machache, na vifaranga wanaofika kuwa kuku ni wa kuhesabika. Bei ya karoti na kabichi ikiporomoka Dar es Salaam, nyumba haina kingine cha kukimbilia. Akina mama walitaka kuku wengi kwa pamoja, nao walitaka kuwatoa wenyewe.

Mashine ya kwanza Shamimu aliipanga kwa akili ya mtu wa tambarare. Alijua Mgeta kuna baridi, akasema basi huko kunataka moto mkali. Akakata kipande kifupi cha waya wa jiko, omu moja na nusu tu, karibu wati mia kwenye betri ya volti kumi na mbili. Kwenye majaribio Mafiga sanduku lilipata joto kabla maji ya chai hayajachemka. Alijisifu hadharani.

Lakini hakuna anayetotolesha vifaranga kwa dakika kumi. Yai linataka nyuzi thelathini na saba na nusu, usiku na mchana, kwa wiki tatu. Kila kidhibiti joto kilipoiwasha ile koili, ilivuta umeme kwa pupa, betri ikashuka nguvu, na kifaa kinachoilinda kikakata umeme alfajiri, saa ile ambayo baridi ya Mgeta inauma kuliko zote. Siku ya tano mayai yalikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni.

"Nilikuja kugundua nikiwa kibandani, namfokea mteja," anasema. "Nilikuwa namwambia, umeweka omu ndogo, ndiyo maana chaji haifiki mchana. Nikaona kumbe namsema Shamimu."

Kwa mzao wa pili alirefusha waya, akapunguza wati. Betri ikavumilia zaidi, lakini sanduku lilikuwa la mbao nyembamba na joto lilitoroka kila upande, hata koili ikawa inawaka bila kupumzika. Ukungu ulipokaa siku kadhaa, umeme ukaisha tena. Akina mama walijaribu kuokoa jahazi kwa chupa za maji ya moto. Mayai yaliyogusana na chupa yakaiva, ya katikati yakapoa.

Filomena ndiye aliyesema neno lililobadilisha kazi nzima. Aliketi kwenye kigoda, akalitazama lile sanduku, akamwambia fundi: "Mwanangu, mtoto mchanga humwashii moto kitandani. Unamfunika."

Kisha akaingia chumbani na kurudi na mito yake miwili ya sufi, ile aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Akaipasua palepale. Sufi ile ndiyo iliyojazwa kati ya kuta mbili za sanduku jipya.

Palikuwa na mzozo mmoja uliosalia, nao ulihusu mahali pa kuliweka. Tangu mwanzo Filomena alitaka mashine ikae kwenye uchaga, ile dari ya fito iliyo juu ya mafiga jikoni, ambako kila mwaka anahifadhi mahindi ya mbegu. Kwake hapo ndipo mahali pa kitu kinachosubiri kuota. Shamimu alikataa katakata, akisema moshi utaliua yai kabla baridi haijalifikia. Walibishana wiki nzima kwa simu. Mwishowe walipatana kwamba sanduku likae chumba cha pili, limeegemea ukuta wa tofali ambao upande wake wa pili ndipo moto wa jikoni unapowaka. Moshi unabaki jikoni, joto linavuka.

Humo ndimo mzao wa tatu ulimolazwa, na kwa wiki zote hizo mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kuogopesha. Mpaka simu ya asubuhi hii.

Lori linawashusha Shamimu na mwandishi wa makala haya pale barabara inapoacha kuwa barabara. Shamimu anajaribu bahati yake na dereva: je, anaweza kumwazima betri ya lori mpaka kesho? Dereva anacheka kwa huruma. Jioni hii hii lazima ashuke na kabichi, na soko la Dar halimsubiri mtu. Fundi anamshukuru, anatupia mfuko begani na kuishika njia ya miguu inayopanda katikati ya matuta ya karoti. Mwandishi anamfuata kwa mbali, akihema.

Filomena anamsubiri mlangoni, khanga imefungwa kifuani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hata hivyo utani hauachwi nje.

"Mpagazi gani huyu anakuja mikono mitupu?"

"Shikamoo mama. Mzigo wangu uko ndani kwako, nimeufuata."

"Marahaba mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ingia usikie mwenyewe."

Ndani ya chumba, wanawake wanane wamekaa sakafuni kama waliofika msibani. Shamimu anainama na kuweka sikio kwenye mfuniko. Sauti ipo. Ni ndogo, nyembamba, lakini ni nyingi, zinapokezana. Vifaranga wanaita kutoka ndani ya maganda, na kupitia kioo kidogo cha mfuniko yanaonekana mayai matatu yenye nyufa.

Kisha anapima betri, na uso wake unakunjamana. Ukungu umekaa siku nne, hilo alilitegemea. Lakini jana mchana Mgeta ilipata jua la saa kadhaa. Jua hilo lilikwenda wapi?

Anatoka nje kuikagua paneli ya sola. Imelazwa kwenye vichanja vifupi kando ya nyumba, inatazama anga, safi. Safi kupita kiasi. Anapitisha kidole kwenye ukingo wake na kuchomoa punje ya haragwe. Kisha nyingine.

"Hii imefikaje hapa?"

Mama Veronika, jirani wa Filomena na mwanachama aliyetoa mayai mengi kuliko wote, anasogea mbele akiwa amejishika shavu.

"Ni mimi, mwanangu. Maharage yangu yalikuwa yanaanza kuota kwa unyevu. Jua lilipochungulia jana nikaangalia huku mteremko, huku mteremko. Palipo sawa na penye jua ni hapo tu. Nikayaanika. Jioni nikapafuta vizuri kabisa."

Aliyewahi kuishi kwenye miteremko ya Uluguru atamwelewa Veronika. Huko hata mpira wa watoto ukianguka unaokotwa kitongoji cha chini. Mahali palipo sawa ni mali, na mtu aliyeweka bamba la kioo lililonyooka, safi, linalotazama jua siku nzima, amemtengenezea jirani yake kianikio ambacho hajawahi kukiota.

Lakini Shamimu hayuko kwenye hali ya kuelewa. Hasira imempanda, inaonekana. Anazunguka nyumba mzunguko mzima na kurudi.

"Mama Veronika, umewanyang'anya watoto wako maziwa ukayapa maharage."

Veronika anaanza kulia. Mayai yaliyomo ndani ni yake pia, na hilo ndilo linalomchoma. Shamimu anamtazama, hasira inamwishia, anamshika bega. "Basi, mama. Sikukwambia kile kioo kazi yake nini. Nilikueleza koili, nikakueleza betri, jua nikaliacha. Tuingie ndani, tuna kazi."

Kazi yenyewe ni hii. Mashine ina koili mbili, moja kila upande, kila moja ya omu sita. Zimeungwa bega kwa bega, kila moja ikinywa moja kwa moja kwenye betri, na zikiwaka pamoja zinavuta wati arobaini na nane. Kwa betri iliyoshiba hilo si tatizo. Kwa betri iliyochoka ni mauti.

"Betri iliyochoka ukiiomba kingi kwa mkupuo, inakunyima hata kidogo ilichonacho," anaeleza, huku mikono yake ikifungua skrubu zilizo ubavuni mwa sanduku. Kwa bahati, au tuseme kwa akili, ncha zote nne za koili alizitoa nje tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hahitaji kufungua mfuniko na kumwaga joto na unyevu ambavyo vifaranga wanavitaka saa hii kuliko wakati wowote.

Anachotaka kufanya ni kuzifuatanisha zile koili, umeme upite ya kwanza yote ndipo uingie ya pili. Njia inakuwa ndefu, omu zinafika kumi na mbili, na wati zinashuka hadi kumi na mbili pia. Robo ya zile za mwanzo. Angeweza kuacha koili moja tu, lakini ingepasha upande mmoja na kuusahau wa pili.

Filomena amemsikiliza kwa makini. Sasa anaushika mkono wake.

"Ngoja kwanza. Vifaranga ndio wanatoka, wewe unapunguza moto?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa baridi hii?"

"Mama, kitanda kimoja wakilala watoto wanane, utawatandikia mablanketi mangapi?"

Wanawake wanatazamana. Mmoja anacheka puani.

"Siku ya kwanza hayo yalikuwa mayai," Shamimu anaendelea. "Hayakuwa na joto lake. Leo humo ndani mna watoto mia, wanapumua, wanahangaika, kila mmoja ana joto lake. Wanapashana wenyewe. Koili kazi yake ni kusindikiza tu, na sufi yako ndiyo inayofunika. Uliniambia mwenyewe, mtoto anafunikwa."

Unaweza kumwona Filomena akipima. Ni mayai ya wenzake, ni jina lake mbele ya kikundi, na mito ya mama yake imo ndani ya zile kuta. Shamimu naye anangoja. Anajiamini, na hafichi, lakini bisibisi iliyo mkononi mwake haitikisiki mpaka mwenye nyumba aseme.

"Haya," Filomena anasema, na kumwachia mkono. "Unganisha. Sisi tutachochea ukuta."

Kinachofuata ni kazi ya watu wote. Gervas, mume wa Filomena, ambaye tangu mizao ile miwili ife alikuwa akikiita chumba hicho hospitali, anashuka bondeni na kurudi na mzigo wa kuni. Jikoni unawashwa moto wa kustahili harusi. Veronika anajitwika jukumu la kuuchunga, na hataki kupokewa. Taa ya betri inabadilika kutoka nyekundu kuwa ya njano, inarudi nyekundu, inakuwa njano tena na kubaki hapo.

Kipimajoto kinashuka kidogo. Kinasimama. Halafu, polepole kama mtu aliyeamua kubaki, kinarudi mahali pake.

Giza linapoingia, wanawake wanashika rozari zao. Shamimu anaomba maji ya kutawadha, kisha anatandika khanga yake kwenye kona. Kila mmoja anabisha mlango anaoujua.

Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya karoti, lakini ndani hapakuwa na haja ya kuweka sikio kwenye mfuniko. Kelele zilifika mpaka uani. Kupitia kile kioo kidogo yalionekana manyoya yaliyolowa na yaliyokauka, meusi, ya kahawia, yenye madoa, yakikanyagana bila adabu. Taa ya betri ilikuwa njano ile ile.

Filomena alitazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa khanga na kulia kwa sauti. Alilia kwa furaha na hakumwonea mtu haya.

Hadi mchana vifaranga walikuwa wamefika zaidi ya themanini. Mayai machache hayakuanguliwa, na Shamimu aliyapasua moja moja nyuma ya nyumba ili ajue sababu. Mengi yao hayakuwa na mbegu ya jogoo. Kuhusu hilo, alisema, koili haihusiki, wakaulizwe majogoo. Akina mama walicheka mpaka wakashikana.

Ulipofika wakati wa kuondoka, Filomena alimzuia mlangoni.

"Tulisema nini, Mnyamwezi? Vikifa, unabeba."

"Havijafa, mama."

"Basi unabeba vilevile. Mpagazi hatoki kwetu kichwa kitupu."

Nyuma yake alitokea Veronika, ameukumbatia mfuko uliojaa maharage, mekundu, makavu, yanayong'aa. Akauinua na kumtwika Shamimu mwenyewe, akimwekea kata ya khanga kwa uangalifu kama anayemvika bibi harusi.

"Haya ndiyo yaliyokula jua la watoto," alisema. "Kayale. Nikiyaona humu ndani nitakufa kwa aibu."

Shamimu alisimama sawa, akatafuta mizani ya mzigo. Machozi yalimlengalenga.

Habari mlimani haziendi kwa miguu. Kabla hajafika barabarani, mwanamke mmoja kutoka kitongoji cha ng'ambo ya bonde alimsimamisha njiani. Kikundi chao kina mayai, kina mbao, kina sufi. Kinataka mashine.

Kwa hiyo Shamimu ana mpango. Kibanda cha Mafiga hatakifunga, maana Oscar na wenzake ndio watakaonunua waya wa kuanzia. Lakini anatafuta chumba kikubwa cha kufanyia kazi, na ameshaamua bango lake jipya halitakuwa na picha ya moshi. Anataka ikifika masika ijayo kila kitongoji cha upande ule wa mlima kiwe kinaangua vifaranga wake chenyewe.

Akiwa amekaa juu ya mfuko wake wa maharage kando ya barabara, akisubiri gari la kushuka, aliulizwa mashine hiyo ya pili itakuwa na tofauti gani na ya kwanza. Alihesabu kwa vidole, bila kusita.

"Koili mbili, swichi ya kuzifuatanisha nje, ili wasinisubiri mimi. Sufi ya kutosha. Paneli nitaipandisha juu ya paa." Akaupigapiga ule mfuko. "Na pale chini, penye jua, nitawajengea kichanja cha maharage. Hicho sitawatoza."